Tatizo Si Gari la Dhana, Ni Tairi Lake

Tangu Gran Turismo ya kwanza, gemu ya mbio za magari ya PlayStation, iingie sokoni Japani Desemba 1997, imejitambulisha kwa ahadi moja: kwamba hii ni simuleta halisi ya udereva. Muundaji wake Kazunori Yamauchi na wenzake hawakuitimiza ahadi hiyo kwa kuijaza gemu magari ya matajiri. Walileta magari ya watu. Mazda Demio ilikuwemo. Toyota Chaser, Mark II na Subaru Impreza zilikuwemo, na kila moja ilikuwa na tabia yake ukiingia nayo kwenye kona. Mtu aliyewahi kuendesha gari linalovutwa na tairi za mbele alielewa mara moja kwa nini Civic yake inagoma kupinda akikanyaga mafuta mapema.

Mwaka 2013, mfululizo huo ukisherehekea miaka 15, mambo yaligeuka. Yamauchi aliwaalika watengenezaji wa magari wabuni gari lolote wanalolitamani kwa ajili ya gemu, bila kufungwa na sheria za barabarani wala gharama za kiwandani. Mpango ukaitwa Vision Gran Turismo. Mercedes-Benz ilitangulia Novemba mwaka huo. Wakafuata BMW, Nissan, Volkswagen, Aston Martin, Chevrolet, Alpine, Mazda, Bugatti, Hyundai na wengine wengi, mpaka Porsche mwishoni mwa 2021 na Ferrari Novemba 2022.

Kuanzia hapo mashabiki wamegawanyika, na ugomvi wao haujapoa. Kambi moja inasema gari ambalo halijawahi kuunguruma barabarani halina nafasi katika gemu inayojiita halisi, na kila gari la dhana (concept car) linaloongezwa limeziba nafasi ya gari la kweli ambalo watu wamelisubiri miaka. Kambi ya pili inajibu kwamba hii ni gemu, na gemu ipo ili tufanye yasiyowezekana. Naona kambi zote mbili zimeshika mahali pasipofaa. Gari kuwepo duniani au kutokuwepo si kipimo cha uhalisia. Kipimo ni kama gari hilo linakaguliwa: kama namba zake zinabanwa na uzito, hewa na mpira wa tairi kama zinavyobanwa namba za Demio. Magari mengi ya dhana hufeli ukaguzi huo pale pale yanapogusana na lami.

Nianze na hoja bora ya kambi ya kwanza, kwa sababu wenyewe mara nyingi hawaisemi vizuri. Ndani ya Gran Turismo 7 kuna Toyota HiAce. Mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hahitaji kusoma jarida ili ajue tabia ya HiAce. Amekaa kiti cha nyuma amebanwa dirishani, amesikia bodi likilalia upande wa nje dereva anapokata kona kwa pupa, na mguu wa dereva haujafika kwenye breki yeye ameshajua kwamba pua itainama. Anapoichukua HiAce hiyo kwenye gemu na kuiingiza kona ya kwanza, mwili wake tayari una kitu cha kulinganisha. Gemu ikikosea, atajua. Imo pia Suzuki Carry, ile tunayoiita Kirikuu Tanzania, na hapo ni vile vile. Aliyewahi kuhamisha vyombo kwa Kirikuu anajua kwamba likiwa tupu linarukaruka nyuma, na likishapakiwa kabati na friji linakuwa gari jingine kabisa.

Sasa mpe mtu huyo huyo Chevrolet Chaparral 2X, gari la dhana lililoingia Gran Turismo 6 mwaka 2014. Dereva wake analala kifudifudi, kichwa kikitangulia, na kwa maelezo ya waliolibuni gari linasukumwa na leza inayopasha hewa moto hadi ilipuke na kutoa mawimbi ya mshtuko nyuma. Atalikagua kwa lipi? Hajawahi kulala hivyo kwenye gari, hajawahi kusikia leza ikisukuma kitu, na hakuna dereva wa majaribio wa kumuuliza. Gemu ikisema linageuka hivi, ni hivyo. Ikibadilisha tabia yake kesho kwenye sasisho jipya, ni hivyo pia. Mchezaji amenyang'anywa haki ya kusema "hapana, haiko hivi." Malalamiko ya watu wa uhalisia yanatoka hapa, na ni ya haki.

Wanaiharibu hoja yao wanapoifupisha kuwa "halipo, liondolewe." Wakiishikilia hiyo itabidi waondoe vitu wanavyovipenda. Jaguar XJ13 ilijengwa moja tu kwa ajili ya mbio za Le Mans za Ufaransa katika miaka ya 1960 na haikushindana hata siku moja, lakini mashabiki wanaiheshimu Gran Turismo kwa kuiweka. Mazda Furai ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Detroit Januari 2008, gari la dhana la kweli kabisa, lenye injini ya rota tatu na chasisi iliyotoka kwenye gari la mbio la Courage. Mwaka huo huo iliungua moto ikipigwa picha kwa ajili ya jarida, na haikubaki kitu cha maana. Waliokuja kuijua Furai baada ya hapo wameijua kupitia gemu kama zile za Forza. Ukiniuliza kama Furai "ipo," sijui nikujibu vipi, na sidhani kama jibu hilo lingebadilisha chochote kuhusu ubora wa gari lenyewe kwenye skrini.

Halafu kuna jambo ambalo kambi hii hulipita kimya. Gran Turismo Sport ya 2017 ilikuwa na mashindano ya mtandaoni yaliyotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na madaraja yake makuu yalijaa magari ya mbio ambayo hayakuwahi kuwepo. Mazda Atenza ya daraja la Gr.3, saluni ya familia iliyopanuliwa bodi na kufungwa bawa kubwa nyuma, ni kazi ya Polyphony Digital wenyewe, studio inayotengeneza Gran Turismo. Peugeot RCZ ya Gr.4 nayo ni hivyo. Watu waligombania ubingwa wa dunia ndani ya magari hayo na sikusikia kelele. Kwa nini? Kwa sababu Atenza ya Gr.3 ina uzito unaoeleweka, nguvu inayoeleweka na matairi yanayoisha. Inatenda kama gari la daraja lake lingetenda. Haipo, lakini inakaguliwa.

Upande wa pili, magari ya kweli yanaweza kuonekana ya uongo. Mwaka 1970 Jim Hall wa Texas alipeleka Chaparral 2J kwenye mbio za Can-Am za Amerika Kaskazini. Nyuma yake kulikuwa na feni mbili zilizoendeshwa na injini ndogo ya pembeni, ya gari la kutelezea thelujini, na kuzunguka chini yake kulikuwa na sketi za plastiki zilizoziba hewa. Feni zilifyonza hewa kutoka chini ya gari, na gari likang'ang'ania lami hata kwenye kona za polepole ambako mabawa hayasaidii kitu. Dereva Jackie Stewart aliiendesha kwenye uwanja wa Watkins Glen, baadaye Vic Elford akaichukua. Ilikuwa na kasi ya kutisha na iliharibika mara kwa mara, na msimu ulipoisha ikapigwa marufuku. Miaka 8 baadaye mbunifu Gordon Murray alirudia wazo hilo kwenye Formula One. Brabham BT46B ilishindana mara moja tu, Anderstorp nchini Sweden Juni 1978, Niki Lauda akashinda kwa zaidi ya nusu dakika, na gari likaondolewa. Angekuja mtu leo na michoro ya 2J akasema ni gari la dhana la gemu, kambi ya uhalisia ingemfukuza.

Historia hiyo ndiyo iliyozaa gari la dhana bora kuliko yote katika mfululizo huu, na lilikuja kabla ya mpango wa Vision. Kwa ajili ya Gran Turismo 5, iliyotoka Novemba 2010, Yamauchi alimuuliza Adrian Newey, mbunifu wa magari ya Formula One wa Red Bull, swali moja: gari la mbio lenye kasi kuliko yote lingekuwaje kama kanuni zote zingefutwa? Matokeo yalikuwa Red Bull X2010. Magurudumu yamefunikwa, dereva amefunikwa kwa kioo kama cha ndege ya kivita, nguvu farasi karibu 1,500, na nyuma kuna feni, ile ile ya Hall na Murray.

Hebu tuone feni inabadilisha nini. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 100. Gari zuri la mbio lenye mshiko wa 2G, yaani nguvu ya pembeni mara mbili ya uzito wake, litaipita kwa kilomita 159 kwa saa hivi. Ukiongeza mshiko mara nne, ufike 8G ambazo Polyphony waliitangazia X2010 na kuzidi, mwendo unaongezeka mara mbili: kilomita kama 318 kwa saa kwenye kona ile ile. Kichwa cha dereva na helmeti yake, tuseme kilo 6 na nusu, kinavutwa pembeni kama mzigo wa kilo 52. Usukani wa X2010 kwenye gemu unakuonyesha jambo hilo kwa njia yake: macho yako hayawahi kufika kwenye kona inayofuata kabla gari halijafika. Unajifunza kitu cha kweli kuhusu hewa, mshiko na mipaka ya binadamu, kupitia gari ambalo hakuna aliyelipanda.

Dunia nayo ilikuja kulifikia wazo hilo. Juni 2022 McMurtry Spéirling, gari dogo la umeme la Uingereza lenye feni za kufyonza hewa chini, lilipanda kilima cha Goodwood kwa sekunde 39.08 likiendeshwa na Max Chilton na kuvunja rekodi. Wenyewe wanasema feni zake huzalisha mgandamizo wa kilo 2,000 likiwa limesimama, na Aprili 2025 waliliendesha likiwa limegeuzwa miguu juu ili kuthibitisha. Aliyecheza Gran Turismo 5 miaka 12 kabla ya rekodi ile ya Goodwood alikuwa ameshaonjeshwa jinsi gari la aina hiyo linavyoiuma kona. Hiyo ni huduma ambayo orodha ya magari ya kweli peke yake isingeweza kuitoa.

Kwa hiyo silitetei kila gari la dhana, wala sitaki yafutwe. Nataka yakaguliwe, na lile linalohitaji ukaguzi kuliko yote ni Tomahawk X ya SRT, kitengo cha magari ya kasi cha Chrysler.

Lilitangazwa mwaka 2015. Injini ya V10 ya lita 7, mfumo wa hewa iliyoshindiliwa unaosaidia kusukuma gari, jumla ya nguvu farasi 2,590, uzito chini ya kilo 800, na mwendo wa juu wa maili 404, yaani kilomita 650 kwa saa. SRT walisema dereva atahitaji vazi la kuhimili G kama la rubani. Mashabiki wengi wa uhalisia wakiziona namba hizo wanacheka na kuondoka. Hawapaswi kuondoka haraka hivyo, kwa sababu namba ya kwanza inapita. Kilomita 650 kwa saa ni mita 180 kwa sekunde. Nguvu inayohitajika kupasua hewa hupanda mara 8 kila mwendo unapoongezeka maradufu. Tuchukue gari jembamba ambalo ukinzani wake ukizidishwa kwa eneo la uso wake unapata nusu mita ya mraba, na hewa ya kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Kwa mwendo huo linadai takriban kilowati 1,750, karibu nguvu farasi 2,400. Tomahawk X ina 2,590. Waliokaa na kikokotoo pale SRT hawakuwa wanaota.

Sasa shuka kwenye tairi. Chukua gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 35. Kwenye kilomita 100 kwa saa, kila gramu ya mpira iliyo usoni pa tairi inavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa robo kilo hivi. Kwenye 650, gramu ile ile inavutwa kwa zaidi ya kilo 9. Gramu moja. Tairi la kawaida la mbio lenye mpira mnene lingejichana lenyewe kabla halijafika huko.

Haimaanishi kwamba mpira hauwezi kufika mwendo huo. Novemba 1965 gari la rekodi Goldenrod, lililosukumwa na magurudumu yake kwa injini 4 za Chrysler, lilipita kilomita 658 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Lilikuwa na matairi maalumu yenye mpira mwembamba sana, na lilikwenda moja kwa moja. Halikupinda kona. Hapo ndipo penye siri yote ya Tomahawk X: ama unachagua tairi la kufika 650, ama unachagua tairi la kushika kona kwa G nyingi. Gemu inakupa yote mawili kwa seti moja ya matairi laini ya mbio, yale yale unayoweza kuyafunga kwenye Demio, na hakuna kinachochanika.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Mafundi wa simuleta hukokotoa mshiko wa tairi kwa milinganyo, na mashuhuri kuliko yote ni ile ya Hans Pacejka wa Delft, Uholanzi. Milinganyo hiyo haikushuka kutoka kwenye nadharia tupu. Tairi halisi linafungwa kwenye mashine, linabanwa kwa uzito tofauti, linapindishwa, linapimwa, kisha milinganyo inapindwa mpaka ifuate vipimo. Ndani ya vipimo hivyo ni sahihi ajabu. Nje yake ni kubahatisha. Tairi lina tabia moja ambayo kila dereva wa mbio anaijua: ukilikandamiza kwa uzito mara nne, hupati mshiko mara nne. Kila kilo unayoiongeza inakupa mshiko pungufu kuliko iliyotangulia, na joto linapanda mpaka mpira unalainika mno na kuanza kuteleza. Gari la dhana linaloomba tani kadhaa za mgandamizo kutoka kwa hewa linalipeleka tairi mahali ambapo hakuna mashine iliyowahi kulipima. Kwa hiyo hata gari likiwa na mbunifu mkubwa na namba za injini zilizokokotolewa kwa uaminifu, mguu wake umesimama juu ya dhana ambayo hakuna aliyeichora. Wabunifu walibuni bodi, injini na taa. Tairi waliliachia gemu, na gemu ikakopesha la kawaida.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na kambi ya pili inaposema "ni gemu tu." Gran Turismo yenyewe ilishakataa kuwa gemu tu. Mwaka 2008 Nissan na Sony walianzisha GT Academy, wakawachukua wachezaji waliokuwa na kasi kwenye PlayStation wakawapandisha magari ya kweli. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, mwaka 2011 alisimama jukwaani Le Mans, wa pili katika daraja la LMP2. Jann Mardenborough wa Uingereza, aliyeshinda mwaka huo wa 2011, naye alimaliza wa tatu katika daraja hilo hilo huko Le Mans miaka miwili baadaye. Vijana hao hawakujifunza udereva ndani ya leza. Walijifunza kwenye magari ambayo breki zake, uzito wake na matairi yake yalikubaliana na dunia kiasi cha kutosha, hata walipokaa kwenye gari lenyewe, mikono yao haikuwa migeni. Anayesema uhalisia haujalishi anaivunjia heshima kazi iliyofanikisha hilo.

Na gari lisilokaguliwa huharibu mchezo hata kwa asiyejali uhalisia. Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, huliwekea kila gari namba ya PP inayokadiria uwezo wake, na mashindano mengi huweka kikomo cha namba hiyo. Wachezaji waligundua kwamba Tomahawk X ikichezewa mpangilio wake kwa namna fulani, ukokotoaji ulichanganyikiwa na kuliwekea gari hilo PP ndogo mno, likaingia kwenye mbio za magari ya kawaida na kuwaacha wote kama wamesimama. Polyphony waliziba mwanya huo. Sishangai kwamba ulitokea kwa gari hilo: ukokotoaji uliokomazwa kwa magari ya kawaida ulikutana na kitu kilicho nje ya ulimwengu wake.

Kambi ya uhalisia ina lalamiko jingine ambalo nalibeba nao bila masharti, nalo ni la biashara. Gran Turismo 6 ilikuwa na magari 1,200 hivi. Gran Turismo Sport ilianza na 160 na ushei, yote yamechongwa upya kwa ustadi mkubwa. Ukiwa na nafasi 160, kila moja ina thamani, na sehemu kubwa kiasi hicho kwenda kwa magari ya dhana iliwauma watu waliotafuta saluni na hatchback walizokulia nazo. Kampuni ya magari inapata tangazo ambalo mteja analishika mikononi kwa saa nyingi. Gemu inapata gari ambalo hakuna mwingine analo. Mchezaji anapata, mara nyingine, bodi zuri ambalo ndani yake kwa dereva hakukumaliziwa: baadhi ya magari haya, hasa enzi ya Gran Turismo 6, ukichagua kamera ya ndani unakutana na giza na usukani. Kwa studio ambayo Nissan iliikabidhi kubuni skrini ya vipimo ya GT-R ya 2007, hilo haliwezi kuwa suala la uwezo.

Bei nayo inasema mengi. Katika Gran Turismo 7 magari mengi ya Vision yanauzwa kwa krediti 1,000,000 kila moja. Yenye leza na yenye petroli, ya mwaka 2014 na ya 2022, bei ile ile. Gari la kweli kwenye gemu hiyo lina historia: linapatikana kwenye yadi ya magari yaliyotumika, linapanda au kushuka, linahitaji oili mpya, bodi lake linachoka. Gari la dhana halina umri wala bei ya soko, na wameshindwa hata kulibunia.

Watengenezaji wengine wameshika kazi hiyo kwa uaminifu zaidi. Bugatti walileta Vision Gran Turismo yao Frankfurt mwaka 2015, gari kamili la kuonekana, na Chiron ilipotoka mwaka uliofuata ulionekana wazi ukoo wa sura yake. Audi walikwenda mbali kuliko wote: e-tron Vision Gran Turismo ya 2018 waliijenga ikatembea, mota tatu na kilowati 600, wakaitumia kuwapandisha wageni kwenye mbio za Formula E kuanzia Roma. Pale mtu angeweza kupanda gari, kisha arudi nyumbani aliwashe kwenye gemu na kusema kama vinafanana. Hicho ndicho kitendo kimoja kinachokata mzizi wa ugomvi huu, na ni Audi peke yao waliokifanya kwa kiwango hicho.

Toyota wanatupa mfano wa upande wa pili. FT-1 ilionyeshwa Detroit Januari 2014, na wachezaji wa Gran Turismo 6 waliiendesha wakati magazeti bado yanachapisha picha zake. Miaka 5 baadaye ikaja GR Supra, gari la kweli, la kununuliwa, ambalo linashirikiana na BMW Z4 injini na chasisi. Watu waliihesabia matundu ya hewa yaliyozibwa, kwenye boneti na mlangoni, yanayoonekana kama tundu lakini hayapitishi kitu. Toyota walieleza kwamba yanaweza kufunguliwa kwa ajili ya mbio. Sawa. Lakini hebu fikiri: gari la barabarani lenye tundu lisilopitisha hewa limo kwenye orodha ya "magari halisi" bila kuulizwa, na X2010, ambayo kila uwazi wake Newey aliuchora ili hewa ipite, imo kwenye orodha ya "njozi." Orodha hizo mbili hazitusaidii.

Gemu nyingine zimelitatua jambo hili kwa kutoliingia. Ridge Racer tangu 1993 ilikuwa na magari ya kubuni matupu na haikumuahidi mtu uhalisia. Assetto Corsa, ya vijana wa Kunos walio kwenye uwanja wa mbio wa Vallelunga karibu na Roma, ilijikita kwenye magari ya kweli na tairi lake, na watu wanaipenda kwa tairi hilo. Forza Horizon ilichagua sherehe. Gran Turismo peke yake imesimama katikati, ikitaka kuwa makumbusho, darasa na njozi kwa wakati mmoja, na mimi napenda kwamba imesimama hapo. Lakini anayesimama katikati anadaiwa na pande zote.

Deni lenyewe linalipika. Kila gari la dhana lije na karatasi yake, kama magari mengine: uzito, ukinzani wa hewa, mgandamizo kwa mwendo tofauti, na jina la aliyesimamia hesabu hizo. Ndani kwa dereva kumaliziwe, au gari lisubiri. Daraja la Gr.X lipo tayari kwa magari yasiyo na ndugu, basi lipewe mbio zake badala ya magari hayo kusukumwa hadi daraja la Gr.1 na kupunguzwa makali kwa amri ili yalingane na Porsche 919 na Toyota TS050, ambazo zilipata kasi yao kwa jasho kule Le Mans. Na zaidi ya yote, tairi liumie. Gari linaloomba mshiko wa 8G lipasue mpira wake baada ya mizunguko michache, dereva alazimike kuchagua lini atautumia mgandamizo na lini atauhifadhi, na X2010 itakuwa gari gumu na tamu kuliko ilivyokuwa mwaka 2010. Tomahawk X nayo ibaki. Ipewe uwanda wa chumvi wa Bonneville, matairi membamba kama ya Goldenrod na kilomita kadhaa za kunyooka, tuone kama zile 650 zinafika.